Mtu Ana Nyongo Ngapi?

Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Nasra,

Salamu nyingi wewe na watoto, na huyo mzee wako na goti lake. Sisi huku hatujambo. Mvua tu haitupi nafasi, nguo zinakaa kambani siku mbili mpaka zinaanza kunuka.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Uliposema daktari amekutajia habari ya kupunguzwa tumbo, nilitulia. Ulipomalizia, "Hebu niambie wewe uliyepungua bila kukatwa, ulifanyaje?" nikaizima simu, nikatoka nikakaa barazani. Nilitaka nikupigie. Lakini najijua, kwa mdomo nitaanza kucheka, nitaruka pale pazito, na wewe utanikatiza. Bora nikuandikie.

Shoga, mimi nilikatwa.

Machi ile ya mwaka juzi, ulipopanda basi kutoka Tanga ukanijia wodini na chupa ya uji wa pilipili manga, sikuwa nimetolewa nyongo. Nilikuwa nimepunguzwa tumbo. Nyongo niliitaja kwa sababu niliwahi kuona jirani aliyetolewa nyongo, naye alikuwa na vitundu vidogo tumboni kama vyangu, nikajua hata nikifunuliwa nguo hakuna atakayetofautisha. Uji wako niliumwaga kwenye sinki ulipokwenda kuswali. Siku zile nilikuwa naruhusiwa maji na supu iliyochujwa tu, tena kwa kile kikopo cha dawa cha mililita 30, funda moja, unangoja, funda jingine. Nisamehe. Nililia nilipokuwa naumwaga, na si kwa njaa.

Kwa nini nilikuficha hata wewe? Haya. Nilikuwa na kilo 131, sukari juu, presha juu, vidonge vya asubuhi na jioni, na bado kilichonitia aibu ni watu kujua kwamba nimeshindwa kuuzuia mkono wangu kwenda kwenye sahani. Nilijua watasema nimenunua wembamba. Na kweli niliununua. Kile kiwanja cha Kibaha hakikuliwa na ndugu kama nilivyokwambia, nilikiuza.

Sasa nikujibu ulichouliza, maana najua ndicho unachongoja. Umeuliza hao wanaokatwa njaa yao inakwenda wapi. Yangu ilibaki kwenye ndoo ya chumba cha upasuaji. Mimi nilifanyiwa ule wa kukata mfuko wa chakula kwa urefu, wanatoa kama robo tatu, kinachobaki ni kijifuko chembamba mfano wa ndizi. Utumbo hawaugusi. Upo mwingine ambao utumbo nao unaunganishwa upya, huo daktari wako atakueleza. Ile sehemu ya juu ya mfuko inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, inaitwa ghrelini. Kwa hiyo hukatwi nafasi ya chakula peke yake, unakatwa na mpiga debe wake.

Nikwambie, ni jambo la ajabu. Tangu nizaliwe nilikuwa sijapata kukaa saa nane mchana bila kuwaza chakula. Ghafla kichwani kimya! Nilikuwa nasahau kula kabisa, naweka kengele kwenye simu. Ila nikagundua kitu ambacho hakuna aliyenieleza: njaa ni kitu kimoja na hamu ni kitu kingine. Njaa walinitoa. Hamu waliniachia yote, haijapungua hata chembe, na yenyewe haikai tumboni. Wiki ya pili, mimi nipo kwenye maji ya supu, nasikia jirani anakaanga vitunguu, nikasimama dirishani kama mtoto wa watu asiye na kwao.

Usiogope kuhusu maumivu yenyewe. Ni siku tatu nne za kujikunja, na gesi wanayokujaza ili waone ndani inapanda mpaka mabegani, unajiuliza tumbo limekatwa bega linaumaje. Jioni ile ile wanakutembeza ili damu isigande miguuni, wanakuchoma na sindano za tumboni. Hayo yanapita.

Kazi ni kula. Wiki mbili vitu vya majimaji, kisha vilivyosagwa, kisha vilaini, ikifika kama wiki ya saba ndipo unagusa chakula cha watu. Protini kwanza, gramu 60 kwa siku angalau, yaani samaki, yai, maziwa, dengu. Wali na ugali vinasubiri mwisho, na mwisho haufiki kwa sababu umeshashiba. Huruhusiwi kunywa maji huku unakula, unangoja nusu saa. Sisi watu wa pwani, na chai yetu na mkate wetu! Hilo mpaka leo linanitesa kuliko kuacha soda.

Na tonge likiwa kubwa au kavu, linakwama. Naomba nikusimulie harusi ya binti wa mpangaji mwenzangu. Mwezi wa tano huo. Tumekaa kwenye sinia watu wanne, pilau limeiva, nyama yake kavu kidogo. Nikala tonge tatu taratibu. Bi mkubwa mmoja akanimegea mnofu akauweka mbele yangu, "Kula mwanangu, umekwisha." Ningekataaje? Niliutafuna harakaharaka kwa aibu. Dakika moja haikupita, kifua kimebana kama nimemeza kizibo, mate meupe ya povu yanajaa mdomoni, hayamezeki. Nikakimbilia chooni na mtandio mdomoni. Narudi, wanawake wote wananitazama tumbo, mmoja ananiuliza kwa sauti ya chini, "Miezi mingapi?" Na mimba ndiyo daktari aliyoikataza kabisa mpaka upite mwaka na nusu! Nikasema miwili. Kwa nini nilisema miwili sijui. Uongo ukiuzoea unatoka wenyewe.

Mtaani kwangu hawakusema mimba. Unawajua watu wetu, ukipungua tu wana jina lako. Miezi minne kilo 30 zimeondoka, na nywele nazo zikaanza kutoka, nachana zinabaki kwenye chanuo (hizo hurudi, usizilie, zangu zilianza kuota tena kabla ya mwaka). Basi mtu amekonda, nywele zimenyonyoka, anavaa sweta Julai ya Dar kwa sababu mafuta ya kumtia joto hana. Siku moja mama wa duka akanifuata mpaka ndani, akafunga mlango, akanishika mkono: "Mwanangu, siku hizi dawa zipo, zinatolewa bure, usijifungie." Alikuwa anataka kunisaidia kwa moyo wake wote. Nikamwambia ahsante mama. Ningefanya nini, nimwambie nyongo? Nyongo gani inamtoa mtu kilo 30?

Hapo ndipo nije kwenye nyongo yenyewe, na hapa unaruhusiwa kucheka.

Nilipotoka hospitali nilipewa vidonge vya kuilinda nyongo, ninywe miezi sita, kwa sababu mtu akipungua kwa kasi hivyo nyongo hufanya mawe. Mimi nilikunywa miwili nikaacha. Ni ghali, na nilijiona mzima. Desemba, usiku wa manane, nikashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yanapenya mpaka mgongoni. Ile miaka yote sijawahi kuumwa vile, hata uzazi. Ultrasaundi ikaonyesha mawe. Shoga, nyongo niliyodanganya kwamba imetolewa ilikuwa ipo, imejaa kokoto, na inatakiwa kutolewa kweli!

Mama akapiga simu kutoka Tanga. Nikamwambia nafanyiwa upasuaji. Akaniuliza wa nini. Nikajaribu kutafuta ugonjwa mwingine, akili haikuja, nikasema, "Nyongo, mama." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, kwani mtu ana nyongo ngapi?"

Nikamjibu kwamba mara ya kwanza hawakuimaliza. Mpaka leo anawasema madaktari wale, maskini, ambao hawana kosa lolote. Kila anayeumwa tumbo huko kwenu anamwonya: "Wahakikishe wametoa yote." Nimesikia ameshamzuia na binamu yangu asiende. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote niliyokwambia.

Nipo kilo 86 sasa. Nilishuka mpaka 82, nne zimerudi. Njaa nayo ilianza kurudi kama mwezi wa kumi tangu nikatwe, si ile ya zamani, inabisha hodi kwanza. Nikitafuna kitu chenye sukari nyingi nalipa: Ramadhani hii tende tatu na kikombe cha chai ya maziwa vilinilaza sakafuni, jasho jembamba, moyo unakwenda kama cherehani. Nikinywa polepole ninaweza kunywa soda nzima na isinishibishe kabisa, na huko ndiko kilo nne zilikopitia, nisimsingizie mtu. Vidonge vya sukari niliachishwa na daktari mwezi wa tatu tangu nikatwe. Presha nimebaki na kidonge kimoja. Lakini vitamini na madini ni vya maisha: chuma, kalsiamu (usivimeze pamoja, viachanishe saa mbili), D, na sindano ya B12. Na kile kidiklofenaki chako unachomeza kwa magoti kama karanga, ujue wengi wanakatazwa, kinaleta vidonda kwenye kitumbo kilichobaki. Muulize daktari wako kabla hujakubali lolote, maana magoti yako nayajua.

Ngozi imebaki. Tumbo langu ni kama mkoba uliotolewa vitu, mikono ikipunga inapunga mara mbili. Nafunga mkaja kama mzazi, na chini ya mkunjo wa tumbo napaka poda ili pasichubuke. Baba watoto anasema haimsumbui. Mimi inanisumbua, hasa nikioga. Kisha nakumbuka naoga nimesimama, naufikia mguu wangu mwenyewe kuusugua, na kwenye basi la mwendokasi nakaa kiti kimoja mtu akakaa pembeni yangu bila kuguna. Kanga inanizunguka mara mbili na pindo linabaki. Siku ya kwanza lilipobaki nilikaa kitandani nikalishika lile pindo kama nusu saa hivi.

Sasa usiniulize ufanye au usifanye. Hospitali ya Mloganzila huku Dar wanaweka na puto tumboni, linapitishwa mdomoni kwa kamera bila kukatwa, linakaa miezi sita au mwaka kutegemea aina kisha linatolewa. Ulizia na hilo pia. Ningekuwa wewe ningekwenda na orodha ya maswali, nimsumbue mtu mpaka aone. Mimi, ungenirudisha Machi ile, ningefanya tena, ila ningekunywa vile vidonge miezi yote sita. Na ningekwambia wewe. Nilikuwa nakaa usiku na kengele yangu ya kunywa maji, hakuna hata mmoja wa kumwambia leo nimekula yai zima likakaa. Yai zima, unajua ilikuwa sherehe kiasi gani? Nililisherehekea peke yangu jikoni, taa imezimwa ili watoto wasiamke.

Nakuja Tanga Ijumaa ya wiki ijayo, Mungu akipenda. Usinipikie sufuria zima. Samaki wa kupaka, kipande cha ukubwa wa kiganja cha Nasra, uniwekee kwenye kisosi. Ukiniona nimenyamaza katikati ya chakula nimeshika kifua, usinisemeshe, usinipigepige mgongo, usinipe maji. Nasikilizia tu, itashuka.

Ukikutana na Mama pale sokoni Mgandini kabla sijafika, akakuanzishia habari ya madaktari na nyongo zangu, itikia tu. Nitamwambia mwenyewe Ijumaa hiyohiyo, nikitoka kwako. Ikiwezekana twende wote.

Ni mimi shoga yako,
Mama Salma