Lile lilikuwa boksi la dawa ya meno, sio simu

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nawasoma nanyamaza, ila ile ripoti yenu ya kwamba watoto wa chekechea wanaharibika kwa kuigiza mambo ya simu na katuni imenishinda kuimeza.

Mjukuu wangu ana miaka 5, anasoma awali huku Mbagala. Mwezi uliopita kaenda shule na boksi la dawa ya meno, kaliandika namba kwa biki, akafungua uwakala wa pesa za simu chini ya mwembe. Majani ndo noti, vifuniko vya soda ndo sarafu, anauliza unatoa shingapi, weka namba ya siri, mwenzake alipotaka hela nyingi kuliko majani yaliyopo akamwambia keshi imeisha, pita baadae. Mwalimu kaja, kachana boksi, kampigisha magoti eti simu marufuku shuleni. Simu gani jamani?! Mtoto kahesabu, katoa, kaandika tarakimu, kaongea na wateja kwa adabu, yote ndani ya robo saa na hakuna aliyemsukuma, halafu darasani wanaimbishwa moja mbili tatu kama kasuku ndo wanaita kufundisha. Sisi tulicheza kibaba na mama, vifuu vya nazi ndo sufuria, maana jiko ndo tulichokiona nyumbani. Hawa wanaona wakala kila kona na katuni kwenye tivii, sasa mnataka wacheze nini?

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku. Asikae! Anayerukaruka uwanjani akijifanya shujaa wa katuni amekaa wapi hapo?

Na shule hiyohiyo kwenye mahafali ya awali walitutoza hela ya joho, spika zikafungulia nyimbo za baa, vitoto vikakatika viuno huku wazazi wanatunza. Hapo hakuna aliyepigishwa magoti.

Mimi nasema kila darasa la awali liwe na karai moja la vitochi vibovu, vile visimu vidogo vya batani, betri zitolewe, na maboksi na vifuniko, na baada ya uji mwalimu akae mkekani nusu saa awe mteja. Nina vitochi viwili vibovu kabatini, Jumatatu navipeleka mwenyewe.

Bibi wa mjukuu,
Mbagala, Dar es Salaam