Kibodi zenye nembo ya mchezo haziwafai wacheza mkakati wetu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie kibodi, au klavie kama tuziitavyo huku Lubumbashi, zinazouzwa zikiwa na jina, rangi na picha za mchezo mmoja maalumu wa kompyuta. Ninawalenga hasa wapenzi wa michezo ya mkakati, ile ya kujenga mji, kukusanya chakula na dhahabu, kuzalisha askari na kuwaongoza vitani, kwa kuwa hao ndio wanaoambiwa na wauzaji kwamba bila kibodi ya namna hiyo hawatafika mbali. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari, na wazazi huniuliza kama wawanunulie watoto wao kifaa hicho. Jibu langu ni kwamba wasinunue, na naona sababu zake zinastahili kuelezwa hadharani, maana fedha inayoombwa ni nyingi kwa familia ya Katuba au ya Ruashi, mitaa ya jiji letu.

Biashara hii ina historia yake. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Ideazon ilitengeneza kibodi iliyoitwa Zboard, yenye msingi mmoja na mabamba ya vitufe yanayobanduliwa na kubadilishwa: bamba moja la kazi za kawaida, lingine la World of Warcraft, lingine la Age of Empires III, na juu ya vitufe zimechapwa amri za mchezo husika. Mwaka 2008 kampuni ya SteelSeries iliinunua Ideazon na kuliendeleza wazo hilo. Kisha mwaka 2010, StarCraft II ilipotoka mwezi wa Julai, kampuni ya Razer ilileta kibodi ya Marauder yenye nembo ya mchezo huo na taa zilizobadilika kufuatana na matukio ya vitani na kasi ya mikono ya mchezaji. Huko Marekani iliuzwa kwa zaidi ya dola 100, wakati mchezo wenyewe ulikuwa wa dola 60. Tangu Novemba 2017 sehemu kubwa ya mchezo huo huchezwa bila malipo, kwa hiyo anayeisaka kibodi hiyo leo kwa wauza vitu vya okazi, yaani vilivyokwisha kutumika, analipia nembo ya kitu ambacho wenyewe wanakigawa bure.

Kasoro iliyo wazi ni kwamba wino ukishachapwa haubadiliki, ilhali mchezo haukai ulivyo. StarCraft II iliongezewa sehemu mpya mwaka 2013 na nyingine mwaka 2015, zikaja na askari na mitambo ambayo haikuwapo kibodi ilipotoka kiwandani. Isitoshe, mchezo huo humruhusu mchezaji kujipangia vitufe apendavyo. Warcraft III, mchezo mwingine wa mkakati, ilikuwa na faili la CustomKeys ambalo mchezaji aliliandika upya yeye mwenyewe. Na StarCraft ya mwaka 1998, ambayo kwa miaka mingi ilivifunga vitufe vyake, ilivifungua katika toleo la Remastered la mwaka 2017. Kila mchezaji anayeendelea hufika mahali ambapo huihamishia amri fulani karibu na vidole vyake, na tangu hapo picha zilizochapwa kwenye kibodi yake ya bei kubwa zinamwambia uongo.

Lakini jambo linaloniuma zaidi linatuhusu sisi Wakongo, na sijasikia muuzaji hata mmoja akilitaja. Shuleni, ofisini na nyumbani tumezoea mpangilio wa herufi wa Kifaransa, AZERTY, wakati kibodi zenye nembo za michezo mara nyingi hutufikia zikiwa na mpangilio wa Kiingereza, QWERTY, kama zilivyo kompyuta nyingi za okazi zinazopita mpakani Kasumbalesa. Tofauti ya mipangilio hiyo ni kubwa kwa mtu aliye vitani. A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, na M, ambayo kwenye QWERTY iko mstari wa chini, kwenye AZERTY iko kulia kwa L. Katika StarCraft ya Kiingereza amri nyingi hufuata herufi ya kwanza ya neno lake, na A ndiyo amri ya kushambulia, ambayo hubonyezwa pengine kuliko nyingine zote. Kijana akiichomeka kibodi ya QWERTY kwenye kompyuta ambayo Windows yake imewekwa Kifaransa, akabonyeza kitufe kilichoandikwa A, kompyuta inapokea Q. Jeshi lake linabaki limesimama mbele ya adui, naye anadhani kibodi imeharibika.

Tatizo hilo lina dawa, na dawa yenyewe haina gharama: kuongeza mpangilio wa QWERTY ndani ya Windows na kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine kwa kushikilia kitufe cha Windows na kubonyeza cha nafasi. Hata hivyo, kompyuta ya nyumbani kwetu aghalabu ni ya watu wote. Baba akirudi jioni kuandika ripoti yake kwa Kifaransa, atazikosa é na ç mahali alipozizoea, na michoro ya panga na ngome iliyo juu ya vitufe haitamsaidia kuzitafuta. Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya michezo husoma herufi iliyobonyezwa, na mingine husoma mahali kitufe kilipo bila kujali kimeandikwa nini, kwa hiyo jambo lililofanya kazi vizuri katika mchezo mmoja laweza kumchanganya mtu katika mwingine. Katika Age of Empires II, ambao tangu mwaka 1999 haujachujuka, nukta ndiyo humpeleka mchezaji kwa mwanakijiji aliyekaa bila kazi. Kwenye AZERTY nukta iko kitufe kimoja na nukta-mkato na huandikwa kwa kushikilia Shift, tena iko upande wa kulia, mbali na mkono wa kushoto ambao ndio unaofanya kazi wakati wa kulia umeshika kipanya. Ushauri ninaowapa wanafunzi wangu ni kuingia kwenye mipangilio ya mchezo na kuihamishia amri hiyo kwenye herufi iliyo chini ya vidole vya kushoto. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na faida yake huonekana tangu pambano la kwanza.

Wapo watakaosema kwamba picha juu ya vitufe humsaidia anayeanza. Ni kweli kwamba wiki ya kwanza atazipata amri upesi zaidi, nami sipuuzi furaha ya mwanafunzi anayefanikiwa mapema. Ila michezo hii huadhibu macho yanayoacha skrini. Katika Age of Empires II mwanakijiji mmoja huzalishwa kwa sekunde 25, na mchezaji mzuri hataki jengo lake kuu likae bure hata kidogo. Anabonyeza H kulichagua, anaagiza mwanakijiji mwingine, na muda wote huo macho yake yako kwenye ramani ndogo yakichunguza adui anatokea upande gani. Anayeinamisha kichwa kutafuta picha ya mwanakijiji kwenye kibodi hajifunzi kucheza kwa vidole, na kadiri picha zinavyopendeza ndivyo anavyochelewa kuachana nazo.

Ushahidi mkubwa tunao kutoka Korea Kusini, nchi ambayo watu walilipwa kucheza StarCraft na mashindano yake yakirushwa kwenye televisheni. Wachezaji wengi wa kulipwa wa kizazi kile walitumia kibodi ya kawaida ya Samsung, DT-35, yenye utando wa mpira chini ya vitufe, isiyo na taa wala nembo ya mchezo, ileile iliyojaa katika vyumba vya kuchezea vya nchi hiyo. Kwa kibodi hiyo walitoa amri 300 na zaidi kwa dakika, yaani tano kila sekunde, na waliipenda kwa sababu mikono yao ilikuwa imeizoea tangu utotoni. Sioni hoja ya muuzaji yeyote inayoweza kusimama mbele ya jambo hilo.

Wauzaji husifu pia uwezo wa kibodi zenye nembo kupokea vitufe vingi vinavyobonyezwa kwa pamoja. Uwezo huo upo, na sababu yake inaeleweka: katika kibodi za bei nafuu waya za vitufe zimepangwa kwa safu na mistari, na baadhi ya vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja kompyuta haiwezi kujua kimoja kati yake, hivyo hukinyamazisha. Anayecheza michezo ya kufyatuliana risasi anauhitaji, kwa kuwa anakimbia, anaruka na kugeuka kwa wakati mmoja. Mcheza mkakati hubonyeza vitufe kwa kufuatana upesi, na mara nyingi havizidi viwili kwa pamoja, Ctrl na namba ya kikosi au Shift na kubofya kipanya. Anayetaka kuhakikisha ashikilie Shift zote mbili, aandike herufi zote za alfabeti, kisha aangalie zipi hazikutokea. Kibodi yoyote isiyopoteza vitufe anavyovitumia yeye inamtosha.

Sitatenda haki nikisema hazina jema lolote. Nyingi zina kitufe cha kuzima kile cha Windows, ambacho kikiguswa kwa bahati mbaya karibu na Ctrl humtoa mtu nje ya mchezo katikati ya vita. Zilizo na swichi za mekaniki, yaani kila kitufe na swichi yake yenye springi, hudumu: kampuni ya Cherry hutangaza swichi zake za MX kwa mibonyezo milioni 50 na zaidi, na kwa nyingi kati yake kofia za vitufe hung'olewa kwa urahisi, jambo ambalo nalithamini sana kiangazi kinapofika na vumbi letu jekundu kuingia kila mahali. Lakini sifa hizo zote hupatikana katika kibodi isiyo na nembo ya mchezo wowote, kwa bei ya chini. Tena wino uliochapwa juu juu huanza kufutika palepale vidole vinapobonyeza zaidi, tofauti na herufi zilizofinyangwa kwa plastiki mbili ambazo hazifutiki. Taa na vitufe vya ziada navyo hutegemea programu ya kampuni, ambayo ni lazima ipakuliwe kwa megabaiti tunazozinunua kwa tabu, na kampuni ikiacha kuisasisha, vitufe hivyo vinaweza kubaki bila kazi.

Anayekusanya vitu vya mchezo anaoupenda anunue kwa moyo mweupe, kwa sababu huyo anajua anachokilipia. Kwa mwanafunzi anayetaka kushinda, ningeigawa fedha hiyohiyo hivi: kwanza kipanya kizuri, kwa kuwa katika mkakati kila askari huchaguliwa na kuelekezwa kwa kipanya, kisha kibodi imara ya AZERTY isiyo na mapambo, na kinachobaki kiwekwe akiba kwa ajili ya ondulea, ile betri inayoishikilia kompyuta ya mezani umeme unapokatika. Pambano la dakika arobaini linalozimika ghafla haliokolewi na kibodi ya aina yoyote.

Nawaomba wauzaji wa mjini, na wale wanaotangaza katika makundi ya WhatsApp, waandike wazi kwenye tangazo kama kibodi ni AZERTY au QWERTY, na kama inahitaji programu ya kupakua ili vitufe vyake vyote vifanye kazi. Nawaomba pia wamruhusu mnunuzi kuichomeka kwenye kompyuta yake na kuijaribu dukani kabla hajalipa.

Wako,
Mwalimu wa kompyuta,
Lubumbashi