Kabla ya kushika koleo, mwambieni mgonjwa

Mhariri,

Mimi ni tabibu wa meno mstaafu, naishi Korogwe. Naomba nafasi niseme kuhusu magego ya watoto wetu yanayong'olewa ilhali yangeweza kutibiwa mzizi yakatafuna miaka mingi.

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi. Halichukui nafasi ya jino lolote la utoto; linatokea nyuma kabisa, kimya kimya, na wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Likianza kutoboka wanasema liacheni, litang'oka lenyewe. Wapi! Mtoto akifika darasa la saba shimo limeshafika kwenye kiini, ile nyama laini yenye mishipa ndani ya jino, usiku halali, shavu limevimba, ndipo analetwa. "Dokta, wewe toa tu, Jumatatu ana mtihani." Foleni nje ni ndefu, ganzi ipo, koleo lipo. Jino linatoka. Mtoto anabaki na pengo, meno ya jirani yanaanza kulala upande ule, na la juu yake linateremka kwa kukosa mwenzake wa kutafuna naye.

Sisemi kila jino liokolewe. Lililopasuka mzizi, au linalocheza kwa sababu mfupa umekwisha, litoke. Lakini lenye kuta imara hutibika. Linapigwa ganzi, linafunguliwa kwa juu, kiini kilichooza kinatolewa kwa vijisindano vyembamba, njia za mizizi zinaoshwa kwa dawa ya klorini, ndugu ya ile inayong'arisha nguo nyeupe, kisha zinajazwa gataperka, utomvu mgumu wa miti ya Malaysia na nchi jirani zake. Gego la chini huwa na njia tatu, mara nyingine nne. Ndiyo maana kazi ni ndefu na bei yake ni mara kadhaa ya kung'oa. Baadaye gego hilo livikwe kofia, gamba gumu la kulifunika lote, la sivyo kuta zilizobaki hupasuka siku moja kwenye mahindi ya kuchoma.

Najua mtaniuliza vifaa vya huku wilayani viko wapi. Swali la haki. Ila hatua ya kwanza haihitaji vyote hivyo. Kufungua jino, kutoa uozo na usaha, kuweka dawa na kuziba kwa muda ni kazi ya ganzi na mashine ileile tunayozibia meno. Maumivu hushuka, na mzazi anapata wiki chache (wiki, si miezi) za kutafuta nauli na fedha ya kumfikisha mtoto kwa daktari wa meno mwenye vifaa.

Badala yake wengi hupitia duka la dawa. Wanapewa amoksilini na metronidazo, uvimbe unashuka, wanashukuru. Lakini dawa hubebwa na damu, na ndani ya jino lililokufa damu haipiti, kwa hiyo uozo unabaki palepale ukisubiri. Na jino lililouma wiki nzima kisha likanyamaza ghafla, msilisherehekee: mshipa umekufa, usaha unajitafutia njia ndani ya mfupa. Nimepokea wagonjwa ambao uvimbe umeteremka chini ya taya hadi shingoni, hawawezi kumeza mate wala kulala chali. Hao si wa vidonge tena, ni wa kulazwa usiku huohuo, maana njia ya hewa inaweza kuziba.

Ombi langu kwa waganga wakuu wa wilaya ni dogo. Kwenye ubao wa bei, chini ya "kung'oa jino", uongezwe mstari wa "kufungua jino na kuweka dawa". Na aliyekaa kwenye kiti aelezwe kabla ya sindano kwamba jino lake linatibika, wapi, na kwa bei gani. Akisema litoke, litoke, ni lake.

Nanyi wazazi wa darasa la kwanza, mwambieni mtoto aachame penye mwanga, mhesabu meno ya chini kutoka katikati kwenda nyuma. La sita ndilo lenyewe. Mkiona doa jeusi juu yake, mpelekeni akazibwe wakati bado haliumi.

Tabibu wa meno mstaafu,
Korogwe, Tanga