Barua ya wazi kwa rais wa chuo ninachokifagia

Mheshimiwa Rais wa Chuo,

Salamu nyingi. Najua Kiswahili hukisomi, lakini chuo chako kina darasa la Kiswahili, nalifagia mwenyewe kila Jumanne, kwa hiyo mtu wa kukufasiria hatakosekana. Nami nataka wenzangu wa zamu ya usiku, waliotoka Bukavu, Uvira na Mombasa, waisome barua hii kabla yako.

Ni kuhusu ile staftahi ya kumkumbuka Martin Luther King, mchungaji aliyepigania haki za Weusi hapa Marekani, Jumatatu ya tatu ya Januari. Mwaka huu tuliitwa saa tisa usiku, theluji ikianguka. Tukapanga meza, tukatandika vitambaa, tukapiga deki ukumbi mzima. Wageni walipoanza kuingia saa mbili tukaambiwa tupitie mlango wa jikoni. Ulihutubia vizuri, hapo sina neno. Mwanafunzi akasoma ile hotuba ya ndoto ya Agosti 1963, kama mwaka jana, kama mwaka juzi, na watu wakafuta machozi. Siku hiyo ni sikukuu ya taifa tangu 1986: ofisi zako hufungwa na wa ofisini hulipwa. Sisi wa kampuni ya kandarasi tulilipwa saa zetu tu, na aliyebaki nyumbani hakupata hata senti.

Kama angekuwa anakumbukwa mtu mwingine ningenyamaza. Lakini huyu alifia mjini Memphis, na Memphis alifuata nini? Wazoa taka. Tarehe 1 Februari 1968, Echol Cole na Robert Walker walijikinga mvua nyuma ya gari la taka, mashine ya kukandamiza ikaanza kufanya kazi, ikawaua. Siku kumi na moja baadaye wenzao wapatao 1,300 wakagoma. Walitaka mshahara wa maana, usalama kazini, na chama chao kitambuliwe. King alikuwa ameshikwa na maandalizi ya kampeni yake ya maskini kwenda Washington, na baadhi ya watu wake hawakutaka ajiingize huko. Akaenda. Usiku wa 3 Aprili aliwahutubia katika kanisa la Mason Temple, dhoruba ikivuma nje. Kesho yake jioni akapigwa risasi kwenye roshani ya Lorraine Motel. Ilipofika tarehe 16 Aprili, mji ulikuwa umekubali chama na nyongeza ya mshahara.

Mabango yao yalikuwa na maneno machache ambayo naona Kiswahili kinayabeba vizuri kuliko Kiingereza chenyewe: MIMI NI MTU. Kule neno walilotumia ni la mwanamume. Kwetu mtu ni mtu, hata mama anayepiga deki maabara zako yumo. Na ukitaka kumtukana mtu kwetu mpaka asilale, mwambie hana utu.

Miaka sita nimefanya kazi hapo, hotuba ya Memphis sijaisikia ikisomwa ukumbini mwako hata mara moja. Isomwe mwakani. Na asome mzee wetu anayezoa taka za mabweni. Ni shemasi kanisani kwao na sauti yake haihitaji kipaza sauti. Akimaliza avutiwe kiti, anywe chai mezani na wengine.

La pesa ni lako na wanasheria wako. Mkataba na kampuni ukifika wakati wa kuandikwa upya, wekeni humo kwamba siku hiyo anayepumzika analipwa, na anayefanya kazi analipwa mara mbili. Sijaomba jengo lipewe jina la mtu, wala sanamu. Sanamu pia tutaambiwa tuzipanguse sisi.

Ukiwa na jibu, huna haja ya kunitumia barua pepe. Zamu yangu inaisha saa tatu asubuhi, na kila baada ya hafla utanikuta ukumbini nikikunja viti.

Mfagiaji, zamu ya usiku