Panda darini kwanza

Jinja

Ndugu yangu Musa,

Salamu nyingi. Orodha ya kabati za vioo za makumbusho mnayoanzisha katika jengo la zamani la manispaa nimeiona. Ziache kwanza, upande darini mvua ikinyesha uone panapovuja.

Makumbusho ya Uganda yalianza 1908 kwenye kilima cha Old Kampala, Waganda wakayaita Enyumba ya Mayembe kwa vitu vya uganga vilivyowekwa humo. Mwaka 1954 ndipo yakahamia Kitante, papo hapo Kampala, katika jengo alilolichora msanifu majengo Ernst May kwa kazi hiyo hasa. Hilo la kwenu lilichorwa kwa ajili ya madiwani na walipa kodi: madirisha mapana, jua tele, kuta nene za chokaa. Halikuwahi kufikiria nguo ya gome la mti wa mutuba.

Plasta inapobambuka, fundi atataka kupiga saruji. Mkatalie. Ukuta wa zamani hunyonya maji kutoka ardhini na kuyapumua kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji na rangi ya mafuta, maji hupanda na kutokea pale ulipotundika picha. Rudisha chokaa ileile, kipimo 1 kwa mchanga 3. Gata zisafishwe kabla ya Machi na tena kabla ya Septemba. Kabati zikae sentimita 10 kutoka ukutani na 15 juu ya sakafu, ili tochi ipite uone vijia vya udongo vya mchwa mapema. Kipima unyevu wa hewa kikikaa juu ya asilimia 65 siku kadhaa, jua ukungu uko njiani.

Mwanga wa nguo, karatasi na picha usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Rangi iliyopauka hairudi.

Kitu kipya cha mti, manyoya au nyuzi kisilale na vingine hata usiku mmoja. Kifunge ndani ya plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 14. Ukikitoa, usikifungue hadi kesho yake. Ukikifungua kingali baridi, umande hukilowesha na umejiletea ukungu mwenyewe. Ngoma usiigandishe: ngozi iliyowambwa inaweza kupasuka.

Halafu rejista ya vitu, ambayo wengi huiona kazi ya karani. Kitu kisicho na namba, aliyekileta na tarehe, baada ya miaka kumi ni kuni tu. Namba ya nguo iandike kwenye utepe wa pamba, ushone kwa mishono miwili.

Mafaili ya manispaa yatoe pini, zinakula karatasi kwa kutu. Selotepu marufuku. Na ile picha ya Malkia Elizabeth akifungua bwawa la Owen Falls, Aprili 1954, asikushawishi mtu kuilaminisha: joto na gundi vikishaingia, havitoki. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi inatosha, na namba nyuma, pembeni, kwa penseli ya 2B, bila kukandamiza.

Wako,
Yusufu