Noah langu limefika kilomita 431,000: nilitengeneze tena au niliuze?

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu,

Nawasalimu kutoka Soni, wilayani Lushoto. Safu hii naisoma siku nyingi ila sijawahi kuandika. Leo imenibidi, kwa sababu nina siku chache tu za kuamua jambo la hela nyingi kwa mtu wa kipato changu, na kila ninayemuuliza hapa nyumbani ananipa jibu lake.

Mimi ni mfanyabiashara wa mboga. Jumanne na Ijumaa natoka hapa saa tisa usiku na kabichi, karoti, hoho na saladi, na msimu ukifika naongeza plamsi na mapeasi. Nashuka Mombo, napita Korogwe na Segera, kukipambazuka niko Tanga mjini. Mzigo mwingine nauacha soko la Mgandini, uliobaki naupeleka kwenye hoteli mbili na mgahawa mmoja. Jioni napanda na sukari, unga na sabuni za kaduka kangu. Kwenda na kurudi ni kilomita kama 300, na naendesha mwenyewe.

Gari ni Toyota Noah lile la zamani, lenye injini ya 3S chini ya viti vya mbele. Nililinunua mkononi kwa mtu mwaka 2016, likiwa linasoma kilomita 168,000. Leo linasoma 431,000. Nimeng'oa viti vya nyuma, linabeba kilo 600 bila kulalamika. Limesomesha watoto wangu wawili, na chumba cha duka kimejengwa kwa jasho lake. Nasema haya mjue kwamba silizungumzii kama chuma tu.

Shida ilianza kwenye oili. Mwanzoni nilikuwa naongeza nusu lita kwa wiki, sasa kila safari inakula lita nzima. Nikishuka mlima wa Mombo na mguu nimeutoa kwenye mafuta, halafu chini kwenye tambarare nikakanyaga, nyuma hutoka wingu la rangi ya bluu mpaka bodaboda wanajitenga. Nikipanda, moshi haukatiki. Mwezi wa nane likachemka kwenye kona za juu ya Mombo, nikakaa pembeni ya barabara saa mbili na nusu nikisubiri lipoe.

Nikalipeleka kwa fundi ninayemwamini, kijana aliyelishika gari hili tangu nilinunue. Akainua kiti cha dereva, akafungua plagi zote nne, akapima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilisoma kati ya 155 na 165. Ya tatu ikasoma 115. Akamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi la ile ya tatu, akapima tena, ikapanda hadi 150. Akaniambia, "Mama Hoza, ingekuwa valvu ndiyo inayovujisha, oili isingepandisha kitu. Oili imeziba pale ringi za pistoni zilipolika. Ringi zimekwisha. Na ule moshi wa kwenye mteremko ni sili za valvu, nazo zimekauka." Nilimshukuru kwa kunionyesha kwa kipimo, maana wengine hubahatisha tu, wakabadilisha kimoja baada ya kingine kwa hela yako.

Kwa upande wa injini, basi, najua ninachougua. Kufungua injini yote, kuchonga silinda Tanga, kuweka ringi, beringi, sili za valvu, gasketi, mkanda wa taimingi na pampu ya maji, amenipigia shilingi 1,900,000. Njia nyingine ni injini ya mtumba kutoka Gerezani, Dar es Salaam, ambayo mpaka ifungwe inafika 2,700,000. Hiyo siipendi sana. Gari lenyewe liliacha kutengenezwa 2001, kwa hiyo injini yoyote nitakayopata imeshapita miaka 20, na hakuna wa kuniambia imetembea kilomita ngapi. Tena namba yake itakuwa tofauti na iliyo kwenye kadi, nitalazimika kwenda TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha.

Kama ingekuwa injini peke yake nisingewasumbua. Lakini fundi alipolipandisha jeki kuangalia breki, aliniita chini. Alikuwa ameshika bisibisi. Akaigusisha kwenye boriti ya chini, ile inayobeba bodi, upande wa kulia, karibu na pale springi ya nyuma inapokaa. Akasukuma kidogo tu. Ikazama hadi mpini, kama unachoma kiazi kilichoiva. Vikadondoka vipande vya kutu vyekundu kwenye kiganja chake. Ni maji ya mboga, ndugu zangu. Miaka minane saladi na karoti zimekuwa zikichuruzika kwenye sakafu ile, maji yanaingia ndani ya boriti na hayatoki. Kwa juu rangi iko vilevile, ningeliona wapi?

Anasema sehemu hiyo inakatwa na kuchomelewa bati zito, 450,000. Nikamuuliza kama itarudi kuwa imara. Akanyamaza kidogo, akasema, "Itashika. Ila mama, kutu ukiiona hapa, ujue na kwingine ipo." Jibu hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Mzigo wangu mzito naupeleka mteremkoni, siyo mlimani. Wanaoijua barabara ya Lushoto hadi Mombo wanaelewa: kilomita zaidi ya 30 za kona, mlima upande huu na bonde upande ule, na mimi nina kilo 600 mgongoni. Mwaka huu breki zimewahi kunuka mpaka nikasimama. Huwa naweka gia kwenye 2 ili injini isaidie kushika, lakini hata hivyo pedi na ngoma zinakwisha haraka. Breki zote kuzirudisha ni 380,000, na rejeta 250,000.

Jumla ya matengenezo, kwa hiyo, ni 2,980,000. Dalali wa Korogwe ananipa 3,800,000 kwa gari lilivyo, tena nimemweleza kila kitu. Siwezi kumuuzia mtu gari nikamficha boriti ile.

Nina daftari la gari. Tangu 2021 naandika kila shilingi isiyo ya petroli. Mwaka ule nilitumia 1,140,000. Mwaka 2022, 1,620,000. Mwaka 2023, 2,350,000. Mwaka huu wa 2024, mpaka Oktoba hii, nimefika 3,900,000, kwa sababu Januari giaboksi ilikufa nikaweka nyingine kwa 1,100,000 na kununua matairi manne. Daftari halina mstari wa vilivyopotea njiani: saladi iliyonyauka kwenye joto la Mombo siku niliyochemsha, na hoteli moja ambayo msimamizi wake aliniambia kwa upole, "Mama, ikitokea tena nitatafuta mtu mwingine." Hoteli hiyo peke yake inanilipa vizuri kuliko robo ya soko.

Mume wangu anasema nitengeneze. Hoja yake ni kwamba giaboksi ni mpya, matairi ni mapya, ikiongezeka injini mpya linabaki nini cha kuharibika? "Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga," ananiambia. Namheshimu, ila hapo sikubaliani naye. Ile milioni ya Januari imekwenda, hairudi, hata nikilibakiza gari miaka kumi. Swali ni milioni 3 za sasa zitaninunulia nini. Zikininunulia miaka mitatu ya kazi, ni rahisi. Zikininunulia miezi minane halafu boriti ya kushoto nayo ikaoza, nimezitupa bondeni.

Mpwa wangu anayekaa Dar anasema niuze na kununua Probox, lile gari dogo la mizigo la Toyota. Amenitafutia moja, namba D, injini ya 1NZ, kwa milioni 12. Wazo la kuagiza Japani tuliliacha mapema: tulipoingiza kwenye kikokotoo cha TRA, magari ya bei ninayoiweza yote yamevuka miaka 10, ushuru wa uchakavu unaongezwa juu ya kodi nyingine, na hesabu ikatupita. Kwa ile ya Dar, nikitoa 3,800,000 za Noah na akiba yangu ya 1,200,000, nitahitaji mkopo wa milioni 7. SACCOS yetu, chama chetu cha kuweka na kukopa, inatoza asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Kwa miezi 36, rejesho la kwanza ni kama 300,000, kisha linashuka kidogo kidogo.

Mpwa wangu anasema Probox itajilipa yenyewe kwa petroli. Nimekaa na karatasi usiku mzima. Noah linakwenda kilomita 8 kwa lita likiwa na mzigo. Wenye Probox hapa wanasema 15. Petroli inacheza kwenye 3,000. Kwa kilomita 600 za wiki, Noah linakunywa lita 75, sawa na 225,000. Probox ingekunywa lita 40, sawa na 120,000. Hapo unaona unaokoa zaidi ya laki moja kila wiki, unashangilia.

Lakini Probox imetengenezwa kubeba kilo 400. Najua wapo wanaozipakia mpaka zinakaa matako chini, na mimi nimeziona zikishuka Mombo hivyo, sitaki kuwa mmoja wao. Mzigo wangu wa wiki ni kilo 1,200. Kwa hiyo safari mbili zitakuwa tatu, kilomita 900, lita 60, sawa na 180,000. Akiba halisi ni 45,000 kwa wiki, kama 195,000 kwa mwezi. Mpwa wangu aliongeza na oili ninayounguza sasa, nikamwambia mwanangu, hiyo usiihesabu, maana Noah likifunguliwa injini oili haliungui tena. Kwa hiyo ninapungukiwa zaidi ya laki moja kila mwezi ili kutimiza rejesho, na nina siku nzima ya tatu barabarani, duka limefungwa. Na Probox yenyewe, kwa kilomita 900 kila wiki, itakula karibu 47,000 kwa mwaka. Baada ya miaka mitatu ya mkopo, gari lenyewe litakuwa limechoka pia.

Upande wa pili, rejesho la SACCOS nalijua tangu leo, naweza kulipangia. Ubovu wa Noah haunipigii hodi. Hili ndilo linalonivuta kwenye kuuza, na sina uhakika kama ni hesabu au ni uchovu tu.

Juzi limenijia wazo jingine. Jirani yangu ana lori dogo la Canter linaloshuka Tanga kila Jumanne na hubaki na nafasi ya mzigo. Anaweza kunibebea kabichi na karoti kwa shilingi 4,000 kwa gunia, kwa sababu hizo hazina haraka, na mimi nikabaki na saladi, hoho na matunda ya hotelini kwenye Probox, safari mbili kama sasa. Nina magunia kama saba ya namna hiyo kwa wiki, 28,000 tu. Lakini nitakuwa nimeweka nusu ya biashara yangu kwenye gari la mtu mwingine, na siku atakayopata mzigo mzuri zaidi sijui kabichi zangu zitakaa wapi.

Naomba ushauri wenu, hasa ninyi mafundi na mnaobeba mizigo kwenye milima. Kwanza, kuna aliyewahi kuchomelea boriti ya Noah karibu na springi ya nyuma? Ilidumu muda gani, na lilikuwa linabeba nini? Hapa nisaidieni hata kama hamna la kusema kwa mengine, maana fundi wa bodi niliyempata Lushoto anasema hakuna tatizo, na fundi wangu wa injini anaangalia pembeni. Pili, 3S iliyochongwa silinda na kuwekwa ringi imewapeleka kilomita ngapi kabla ya kuanza tena kula oili? Tatu, kwa wenye Probox za 1NZ: mkienda kuikagua ya mkononi mnaanzia wapi? Fundi wangu atanisindikiza Dar, nimeshamwambia aje na kipimo cha kompresheni na ile bisibisi.

Tafadhali msiniambie ninunue gari jipya, hela hiyo sina. Na anayefikiri nitengeneze breki na boriti tu, injini iendelee kula oili mpaka Juni, aniambie pia. Hiyo ni 830,000, ningeiweza bila mkopo, ila naogopa kwamba ile silinda ya tatu haitafika Juni.

Dalali amenipa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo. Kamati ya mikopo inakaa Jumatano, na fomu imeshajazwa, imebaki sahihi yangu. Msimu wa plamsi unaanza mwishoni mwa mwaka, na huo ndio unaonilipia ada za Januari, kwa hiyo lolote nitakalofanya lazima liwe limekamilika kabla ya Desemba. Kwa sasa nimelisimamisha Noah uani. Wiki hii mzigo umeshuka na Canter ya jirani, na mimi nimekwenda Tanga kwa basi kuupokea.

Ni mimi,
Mama Hoza
Soni, Lushoto