Zabibu usiziroweke kwenye divai

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sote huku wazima, mama yako na wadogo zako wanakusalimu sana. Ama baada ya salamu: uliniuliza mkate wetu wa Krismasi unatengenezwaje, nikakwambia nitakuandikia, kwa sababu najua kwenye simu ungeniitikia "ndiyo baba, ndiyo baba" na kalamu huna.

Naanza na zabibu, maana hilo ndilo ninaloligombea. Utakutana na watu watakaokwambia uziroweke kwenye divai au brandi. Wajerumani mkate wao wa Krismasi, Stollen, mara nyingi huutilia ramu; ni mkate wao, siwaingilii. Wetu hapana. Roweka kwenye maji ya chungwa yaliyopashwa moto, zilale humo hadi zivimbe, kisha zichuje na uzikaushe kwa kitambaa. Sisi Wakristo wa Unguja ni wachache, tangu ile ibada ya kwanza pale Mkunazini, Krismasi ya 1877, kanisa lenyewe bado halijakwisha kujengwa. Katika mtaa wetu nyumba yenye Krismasi ni yetu tu. Sasa ukioka mkate ambao jirani hawezi kuutia mdomoni, umemuokea nani? Mwezi wa Ramadhani futari inaingia kwetu kila siku ya Mungu, Idi ndiyo usiseme. Na sahani ya watu hairudi tupu.

Hukuwahi kuiona Krismasi ndani ya Ramadhani. Ziliangukia humo tatu mfululizo, 1998, 1999 na 2000, kabla hujazaliwa. Asubuhi tulirudi kanisani, tukanywa chai yetu ndani, mlango umerudishwa. Sahani za majirani tulizifunika kawa, zikatoka jua likikaribia kuzama. Yule bibi wa nyumba ya pili alifuturu kwa tende na mkate wetu, akaniletea sahani mwenyewe, bakuli la uji wa pilipili manga juu yake, akaniuliza kwa nini kila mwaka nisipeleke jioni, mkate ukilala nusu siku unanoga zaidi. Alisema kweli. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2030 zitakutana tena, Mungu akipenda tutakuwepo.

Haya, shika kalamu. Kwa mkate mmoja: unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 80, chumvi kijiko kimoja cha chai, hamira ya chenga vijiko viwili vya chai, yai moja, tui robo lita, samli gramu 60, zabibu konzi mbili. Iliki 12. Hizo nimekufungia mwenyewe kutoka sokoni Darajani, za kijani, na kungumanga moja nzima. Usinunue iliki ya unga. Hujui imesagwa lini wala imechanganywa na nini. Menya, twanga mbegu peke yake, na uzitwange siku hiyo hiyo. Kungumanga ukwaruze robo kijiko tu. Karafuu mbili zinatosha kabisa, utoe vichwa, usage. Kuna watu wakitoka Zanzibar wanatia karafuu konzi nzima ili wajulikane walikotoka, mkate unakuwa dawa ya meno.

Tui liwe vuguvugu, ukichovya kidole usisikie moto. Likichemka unaiua hamira. Changanya vyote isipokuwa samli na zabibu, ukande. Samli huingia mwisho, donge likishashikana, kwa sababu mafuta yakitangulia yanauvika unga na hauvutiki tena. Mwanzo litakunata mpaka kwenye viwiko na utatamani kuongeza unga. Usiongeze. Kanda dakika 10, hata 15, halafu kata kipande kidogo ukivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili mbele ya dirisha. Kikiwa utando unaopitisha mwanga bila kuchanika, basi. Kikichanika, rudi ukande.

Mdalasini usiutie ndani ya donge. Ukizidi humo unaizubaisha hamira, mkate hauinuki. Uchanganye na sukari kidogo, sukuma donge likishaumuka, paka samli, nyunyiza mdalasini na zabibu, kunja kama mkeka, pasua katikati kwa urefu, kisha suka zile pande mbili.

Jambo la kuumuka ndipo utakapopata taabu, maana wewe uko Njombe. Huku Desemba ni kaskazi na joto lake, saa moja donge limeshajaa bakuli. Huko usiangalie saa, angalia donge. Lakini baridi ya Njombe ina faida yake: tia nusu ya hamira, kanda jioni ya mkesha, funika, liache jikoni ulale. Alfajiri utalikuta limejaa na harufu yake nzuri kuliko la kwetu. Suka, liache liinuke tena, kisha oka nyuzi 180, dakika 30 na kitu. Ukiugonga chini ukalia kama ngoma tupu, umeiva.

Umeme ukikatika usihangaike. Unaikumbuka Desemba 2009, Unguja nzima ilipokosa umeme hadi Machi 2010? Mashine ya kuokea ikageuka kabati la sufuria. Wewe ndiye uliyekuwa ukipepea. Sufuria nzito uipake samli, uipashe tupu kwanza, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Ukifanya kinyume chake utaula mkate mweusi chini na mbichi juu. Mimi nimekaa kwenye matanuri ya boflo tangu ujana wangu, na nakwambia ule wa makaa ulikuwa mkate mzuri kuliko wote niliowahi kuusuka.

Oka miwili. Najua majirani zako wa huko wote wana Krismasi yao na pilau yao, lakini yupo yule mwalimu mwenzako wa Wete, Pemba, uliyenitajia, anayesomesha hesabu. Mpelekee jioni, umwambie hauna divai, usisubiri akuulize. Na iliki zitakazobaki umgawie, najua ataitafuta harufu hiyo kwenye chai.

Mzigo umeondoka jana kwa boti, kesho uulizie stendi. Pesa ya samli nimekutumia kwenye simu. Ni ya samli, usiende ukanunua majarini.

Baba yako